Nne ya Katikati

Hadi Jumanne moja ya mwezi wa sita, hakuna mtu mjini Lansing aliyejua kwamba siwezi kuendesha gari la gia za mkono. Mama hakujua kwa sababu hakuwahi kuuliza. Wenzangu hawakujua kwa sababu nilikuwa naongea sana. Mimi mwenyewe sikujua kwa sababu sikuwahi kujaribu, na kwa miaka yangu ishirini na minne nilikuwa bado naamini kwamba kitu ukikisoma vya kutosha, mwili nao unakuwa umesikia.

Naitwa Dalton Klemp. Nina nusu ya diploma ya ufundi wa magari. Si unyenyekevu, ni nusu kweli: mihula miwili kati ya minne. Muhula wa kwanza tulisoma injini, wa pili umeme. Klachi na giaboksi zilikuwa za muhula wa tatu, breki za wa nne. Kwa hiyo nilitoka pale nikijua kwa nini gari linawaka. Kuliondoa na kulisimamisha niliwaachia wenye diploma nzima.

Kwetu, majira ya joto yakifika, kila Alhamisi jioni wenye magari ya zamani hukutana nyuma ya duka la aiskrimu. Nasema yale magari ya miaka ya sitini na sabini, yenye injini kubwa kuliko akili ya aliyeamua kuitia humo. Wanayapanga mstari, wanafungua boneti, halafu kila mtu anakunjua kiti chake, anakaa nyuma ya gari lake, hafanyi kitu. Ukipita hujui, utadhani yameharibika yote siku moja. Gari lililotengenezwa baada ya mwaka sabini na tano haliruhusiwi kuvuka mnyororo uliofungwa mlangoni mwa uwanja. Mimi nilikuwa nakuja na kigari cha kijivu cha mama, nakiegesha ng'ambo ya barabara mbele ya dobi, kisha navuka kwa miguu nikizungusha ufunguo kidoleni, kama mtu ambaye gari lake liko mahali fulani linamngoja.

Mlinzi wa mnyororo, kwa kujiteua, ni Lonnie Teague, fundi mstaafu wa mabasi ya shule, mwenye tumbo la kuegemezea mikono na Chevelle nyeusi ya mwaka sabini. Ndiye aliyenipa jina la Profesa. "Profesa, njoo umwambie huyu bwana kabureta yake ni ya mwaka gani." Nami namwambia. Namwambia na namba yake, na kiwanda, na rangi iliyoacha kupakwa mwezi wa pili wa mwaka ule. Watu wanatikisa kichwa kwa heshima. Kisha wanapanda magari yao wanakwenda nyumbani, nami navuka barabara kwenda kwa dobi.

Gari nililolijua kuliko yote ni Oldsmobile 442, kwa sababu liliundwa hapa hapa Lansing, na babu yangu alifunga milango ya magari kiwandani kwa miaka ishirini na sita. Kiwanda kimeshabomolewa, sasa ni uwanja wa majani wenye uzio, kana kwamba majani yangetoroka. Lakini kila mtoto wa Lansing anajua namba zile, jinsi zinavyohadithiwa huku kwetu: nne ya kwanza ni midomo minne ya kabureta, nne ya pili ni gia nne, mbili ni ekzosi mbili. Nilishawahi kuzieleza mbele ya watu thelathini, nikinyoosha vidole. Nne, nne, mbili. Nimelitaja neno gia mara ngapi maishani mwangu, na mkono wangu haujawahi kuishika hata moja.

Kadi niliiona kwenye ubao wa matangazo wa duka la vyakula, kati ya paka aliyepotea na mtu anayefundisha akodiani. Imeandikwa kwa kalamu ya wino, mwandiko wa shule za zamani: *Oldsmobile 442, 1969. Mwenyewe ni mmoja tangu ilipokuwa mpya. Gia nne, sakafuni. Wapuuzi wasipige simu.*

Nikapiga simu.

Pesa nilikuwa nazo. Babu aliniachia kidogo alipofariki, na nilikuwa nimeuza pikipiki yangu ya theluji na heshima yangu yote msimu uliopita. Bei aliyoitaja yule mama kwenye simu ilikuwa ya chini kiasi kwamba nilimwomba airudie, akairudia kwa sauti kubwa zaidi, akidhani mimi ni kiziwi. Jumanne saa nne asubuhi nikaenda. Nikamchukua na Lonnie, shahidi. Mtu huwezi kununua gari la namna ile bila mtu wa kwenda kusimulia.

Bi Ardith Schraub alitungoja mlangoni mwa banda la gari, amekaa kwenye kiti cha jikoni. Umri miaka sabini na nane, mfupi, miwani minene, goti la kushoto limefungwa bandeji ngumu hadi nusu ya paja. Nyumba yake iko chini kuliko barabara, na njia ya gari inapanda kutoka bandani hadi barabarani, mwinuko wa kumchosha mbwa. Hilo la mwinuko sikulitilia maanani. Nilikuwa naliangalia gari.

Kijani kibichi cha msituni, mistari myeupe, viti vyeusi. Nikatoa vifaa. Kwanza sumaku, niliyoivalisha soksi isije ikakwaruza rangi. Unaipitisha kwenye bodi, na palipozibwa kutu kwa pati, sumaku haishiki. Nikapitisha upande mzima, nimefumba macho kama daktari. Kisha nikalala chini na tochi. Kisha nikasoma namba iliyo chini ya kioo cha mbele, nikaenda kusoma iliyogongwa kwenye injini, nikazilinganisha, nikasema "Mmh" mara tatu. Robo saa nzima.

Bi Ardith alikuwa akimenya viazi kwenye bakuli mapajani. "Umemaliza kumpima presha?"

"Nimemaliza, mama. Namba zinakubaliana. Injini ndiyo yenyewe."

"Nashukuru kwa kuniambia. Nilikuwa na wasiwasi miaka hamsini na zaidi." Akaweka kisu. "Haya, itoe nje."

"Samahani?"

"Itoe nje. Kwa rivasi, hadi pale barabarani." Akajimiminia kahawa kwenye kikombe cha kaure, pomoni, akaniashiria nikiweke juu ya dashibodi. "Kisimwagike. Simuuzii mtu asiyeweza kuitoa nje na kikombe."

Nilimtazama Lonnie. Lonnie alinikonyeza, jicho la mtu aliyelipa kiingilio.

Nikaingia. Nikashika usukani. Chini niliona pedali tatu, na ninaapa, kwa sekunde moja nilifikiri moja ni ya akiba. Nikazungusha ufunguo.

Mtu yeyote anayesoma haya akiwa amejifunzia gari kwenye pikapu ya mjomba anajua kilichofuata, naye aruke aya hii. Gari lilikuwa limeachwa kwenye gia ya kwanza, kama linavyoachwa gari lolote la mtu mwenye akili. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa sakafuni, umepumzika, kama ulivyopumzika tangu nipate leseni. Lile gari liliruka mbele kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, likagonga ukuta, likazima. Kutoka rafu ya juu ngamia wa plastiki wa mapambo ya Krismasi alidondoka akakaa kwenye boneti, ananitazama. Kahawa yote ilikuwa mapajani mwangu. Ya moto.

Kisha nyuma yangu nikasikia sauti kama ya mtu anayekabwa, kumbe ni Lonnie.

"Profesa," alisema alipoweza kupumua, "hebu tukumbushe. Nne ya katikati ni ipi vile?"

Nikatoka nikijua nimelibonyeza uso gari la watu. Lakini halikuwa na hata mkwaruzo. Pale ukutani, sawasawa na bampa, palitundikwa tairi kuukuu, na bampa lilikuwa limeingia katikati yake kama yai kwenye kikombe chake.

"Hilo tairi," akasema Bi Ardith, bila haraka, "Gordon alilitundika mwaka sabini na nne. Marehemu mume wangu. Siku aliyojaribu mara ya kwanza na ya mwisho." Akanirushia kitambaa. "Jifute, mwanangu. Hujui kuendesha."

"Najua, mama, ila hii ni..."

"Hujui."

"Sijui," nikasema.

Lilikuwa neno dogo, lakini Lonnie alilichukua kama zawadi ya Krismasi, akalifunga pamoja na yule ngamia.

Bi Ardith alitupeleka jikoni, akanipa suruali ya Gordon, ambayo ingeweza kunihifadhi mimi na Lonnie pamoja, na ndipo tukajua tumemjia nani. Aliingia kiwandani mwaka sitini na sita, msichana wa miaka kumi na tisa, idara ya kushona viti. Mwaka sitini na tisa alilinunua lile gari kwa mshahara wake wa cherehani, likiwa na viti ambavyo huenda alivishona mwenyewe; anasema mshono wa kiti cha nyuma umepinda kidogo, kwa hiyo ni wa kwake. Mwaka sabini na tatu akaomba kazi ya mwisho wa mstari: gari likikamilika, kuna mtu anaingia, analiwasha kwa mara ya kwanza katika uhai wake, analipeleka hadi uwanja wa nje, anarudi kwa miguu kuchukua lingine. Wanaume wakamcheka. Akaifanya miaka kumi na tisa.

"Nimeendesha magari laki mbili na ushei," alisema, "na hakuna hata moja nililolifikisha barabarani. Hatua mia tatu, basi. Lakini kuondoa! Hakuna aliyeondoa gari kama mimi."

Kikombe kilikuwa mchezo wao. Unaweka kahawa kwenye dashibodi, unaliondoa gari, unalipeleka uwanjani. Ukimwaga, unanunua donati za zamu nzima. "Nimenunua donati mara mbili tu. Mara moja nilikuwa na mimba."

Gordon alikuwa karani wa posta, mtu wa gari la otomatiki kufa na kupona. Miaka arobaini na moja alikaa kiti cha abiria, mikono mapajani, mke akibadilisha gia. Sasa Gordon hayupo, goti la kushoto limepasuliwa mara mbili na halisukumi klachi tena, na mwisho wa mwezi Bi Ardith anahamia kwa binti yake Tucson, ambako gari lina nafasi lakini yeye ndiye hana mguu. Tangu mwezi wa kumi lilikuwa halijatoka bandani. Jirani alikuwa analiwasha kila Jumapili, linanguruma dakika kumi, analizima.

"Jumamosi saa nne anakuja bwana mmoja kutoka Illinois," akasema. "Fenwick. Ana trela lililofunikwa. Anayo kama kumi na tano hivi, kwenye ghala lenye mashine ya kupoza hewa. Nikamuuliza, unaziendesha? Akasema, ah, mama, zikiendeshwa zinapoteza thamani." Akakata kiazi vipande viwili kana kwamba kina jina. "Ataivuta kwa waya hadi ndani ya trela, na hiyo ndiyo itakuwa safari yake ya mwisho. Nimemwambia aje aitazame. Sikumwambia nitamuuzia."

Akanitazama juu ya miwani.

"Ukiitoa nje Jumamosi kabla ya trela lake kuingia, na kikombe, ni yako kwa bei ileile. Ukishindwa, inakwenda kulala Illinois. Mimi sina mwingine. Mmepiga simu wapuuzi saba, na wewe ndiye peke yako uliyevalisha sumaku soksi."

Sijawahi kusifiwa vizuri hivyo na chuo chochote.

Tatizo lilikuwa nijifunzie wapi. Lile lenyewe Bi Ardith hakutaka liguswe kabla ya Jumamosi. Kujaribu ni kujaribu, alisema. Jumatano asubuhi nikaenda kwa Lonnie kumwomba Chevelle yake, saa moja tu, kwenye uwanja wa kanisa. Lonnie akawa mwekundu kuanzia shingoni kwenda juu.

"Haiwezekani, dogo."

"Nusu saa, Lonnie."

"Si suala la nusu saa." Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akashusha sauti. "Ni otomatiki."

"Chevelle yako? Ile yenye kirungu cha gia sakafuni?"

"Kirungu ni cha otomatiki. Hakuna aliyewahi kuchungulia pedali. Na wewe ukimwambia mtu Alhamisi, Profesa, nakuzika na yule ngamia."

Nikafika kwa Bi Ardith mikono mitupu. Hakushangaa hata kidogo. Alinishusha chini ya nyumba, akafunua turubai, na pale palikuwa na cherehani ya kiwandani, ya chuma, ya kijani, kubwa kama punda aliyelala.

"Unadhani mimi nilijifunzia klachi wapi?" akasema. "Mota ya hii inazunguka muda wote, sindano imesimama. Ukikanyaga, klachi inaishika mota na sindano inaenda. Kanyaga kama mjinga, inakushona kidole. Kanyaga kwa adabu, inakushonea mshono mmoja, inasimama. Kaa. Mguu wa kushoto."

"Lakini kwenye gari si unaachia ndipo inashika?"

"Ndiyo. Huku unakanyaga kuingia, kule unaachia kuingia. Lakini pale inaposhika ni palepale. Hapo ndipo nataka upajue. Usipatafute kwa kichwa chako, kichwa chako kimejaa namba. Patafute kwa wayo."

Basi siku tatu, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, mwanamume mzima niliyetoka nyumbani nikisema naenda kununua gari lenye nguvu za farasi mia tatu na hamsini, nilishona vishikio vya sufuria. Bi Ardith amekaa kando na mwiko, mwiko ndio gia. "Mshono mmoja!" Naushona. "Mmoja, nimesema, si kumi na tisa!" Nafumua. "Kwanza! Pili! Rivasi! Mbona unashika mwiko kama unamkaba kuku?" Alhamisi jioni sikwenda nyuma ya duka la aiskrimu, nilikuwa naupindia mto ukingo. Nikikosea sana alinifumulisha kazi yote. Lakini mara mojamoja, bila kutazamia, mguu ulifika mahali, kitu kikaguna kidogo chini ya kiatu, sindano ikazama na kupanda mara moja tu, kimya. Bi Ardith anafumba macho. "Hapo. Umepasikia?" Nami nilipasikia, na nusu dakika baadaye nilikuwa nimeshapapoteza.

Ijumaa nilirudi nyumbani na nyuzi nyekundu zimening'inia kwenye suruali. Mama alikuwa anatoa sahani.

"Ushonaji sasa?" akasema. "Na huu utauacha muhula wa ngapi?"

Nikamwekea vishikio viwili mezani. Akavigeuza, akaangalia mshono kwa muda mrefu. "Huu hapa umenyooka," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeogopa kidogo.

Jumamosi nilifika saa tatu na nusu. Lonnie alikuwa ameshatangulia, na kiti chake cha kukunja, amekiweka kwenye majani kama yuko uwanjani. Bi Ardith alikuwa amevaa kitambaa cha kichwa cha maua na rangi ya mdomo. Kikombe kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, kahawa imetuna juu ya kaure.

"Una nusu saa," akasema.

Hatukuwa na nusu saa. Niliposhika mlango wa gari tulisikia breki zikilia, na kule juu barabarani pikapu nyeupe ilisimama, nyuma yake trela refu lililofungwa, linang'aa kama jokofu. Mtu aliyevaa shati la kola alitoa kichwa, akatupungia, akaanza kupiga kona ili aingize trela kwa nyuma kwenye njia ya Bi Ardith.

"Kabla ya trela kuingia, tulisema," Bi Ardith alisema. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama lile trela, na mkono wake ulikuwa umeshika pindo la kitambaa cha kichwa.

Niliingia. Kikombe nikakiweka mbele yangu. Mdomo wangu ulikauka ghafla kiasi kwamba ulimi ulishikana na meno. Sikuweza hata kumeza mate, hayakuwepo. Mbele ya macho yangu kulikuwa na kitu cha majimaji. Sikufikiri. Nikakichukua kile kikombe nikagugumia mafunda matatu, ya moto, nikaungua hadi masikioni, nikakirudisha kikiwa nusu.

Kisha klachi hadi chini. Kirungu rivasi. Ufunguo. Injini ikaamka, na kioo cha dirisha la jikoni kikaanza kuimba.

"Mshono mmoja," nikajiambia. Nikaachia, taratibu, natafuta kwa wayo. Hakuna kitu. Hakuna. Kisha ule mguno. Ulikuwa palepale, kama alivyosema, unaningoja. Nikaongeza mafuta kidogo, na lile dude likaanza kurudi nyuma na kupanda, harufu ya klachi ikiungua imejaa kila mahali, mimi shingo nimeigeuza nyuma, nashona. Sina neno lingine. Nilikuwa nashona mlima.

Juu, trela lilikuwa limeshageuka, mkia wake unakaribia ukingo wa njia. Nikafika ukingoni kwanza. Magurudumu ya nyuma yakakanyaga lami, nikafurahi, na nilipofurahi nikausahau mguu wa kushoto. Gari likaruka mara moja, likazima, likakaa pale pale limeziba mdomo wa njia, hatua mbili kutoka nyuma ya trela.

Bwana Fenwick akapiga honi. Nikatazama kikombe. Kahawa ilikuwa inayumba, huku, kule, huku, ikipanda hadi karibu na ukingo, ikishuka. Haikumwagika hata tone.

Bi Ardith alipanda ule mwinuko na fimbo yake, polepole, Lonnie akimshika kiwiko. Akainamia dirisha la upande wa abiria. Akatazama kikombe. Akanitazama mimi, na uso wake ukabadilika, sijawahi kutazamwa na mtu namna ile.

"Miaka kumi na tisa," akasema, "hakuna dereva yeyote wa zamu yetu aliyewahi kupita na kikombe kilichojaa. Haiwezekani. Unakunywa kwanza. Wasiojua wa mwezi wa kwanza ndio waliokuwa wanatununulia donati." Akagonga paa kwa kiganja. "Nilikuwa nangoja nione kama una kichwa au una namba tu."

Nyuma yake Lonnie alifungua mdomo. Lonnie aliniona. Aliona macho yalivyonitoka nikiungua koo. Nilimtazama, nikatamka bila sauti, kwa midomo tu: *otomatiki*. Lonnie akafunga mdomo.

Sikumwambia ukweli. Kama anasoma haya huko Tucson, basi sasa anajua: sikutumia kichwa, bibi. Ilikuwa ni woga. Lakini mtu akikusifu kwa kosa mara moja katika maisha, huwezi kuanza kumsahihisha hapo hapo barabarani.

Fenwick alikuja na karatasi zake mkononi. "Mama, tulikubaliana!"

"Tulikubaliana uje uitazame. Hujaitazama?"

"Nimeitazama, ila..."

"Basi nakushukuru kwa kuja. Barabara ya kurudi Illinois unaijua."

Nilidhani sasa tutaingia ndani kutia saini. Bi Ardith akazunguka mbele ya boneti, akafika mlango wa kushoto, wa dereva, akaushika, akasimama. Mkono ulikuwa umekwenda wenyewe. Akautazama kidogo. Kisha akarudi upande wa pili, akafungua, akajishusha kwenye kiti cha Gordon.

Kiti kilikuwa kimebonyea kwa umbo la mtu mpana, naye akazama humo kama mtoto kwenye beseni. Akavuta kisahani cha majivu. Ndani yake mlikuwa na vijiti vya kuchokolea meno, kama ishirini, vimepangwa vizuri. Akakirudisha.

"Mpira wa dirisha la huku umeachia, upepo wote ulikuwa unamwingia sikioni," akasema. "Miaka arobaini na moja na hakusema. Alikuwa anaongeza redio tu."

Nikauliza tunakwenda wapi.

"Unauliza? Jumanne ulimwaga kikombe kizima. Tunakwenda kununua donati."

Duka liko mbali kidogo, taa nne za barabarani. Kwenye ya kwanza gari lilinizimikia mara moja. Kwenye ya pili mara tatu, na taa ikageuka nyekundu tena tukiwa papo hapo. Magari yaliyokuwa nyuma yakapiga honi, na yaliyokuwa upande wa pili nayo yakapiga, watu wametoa mikono nje, wanashangilia lile gari la kijani. Sikuweza kutofautisha matusi na shangwe, kwa hiyo nikawapungia wote.

Kwenye ya tatu nikatazama chini kutafuta pedali, na macho yakaangukia miguu ya Bi Ardith. Ule wa kushoto, wenye bandeji, ulikuwa umekanyaga zulia tupu, umelisukuma hadi chini. Taa ikawa kijani. Ukaanza kuachia, taratibu, taratibu, ukasita mahali fulani. Nami nikasita hapohapo. Ukaachia, nikaachia. Gari likaondoka laini, kama limevutwa kwa uzi, na yeye alikuwa anatazama mbele barabarani, hajui kama nimeona.

Taa ya nne nilifanya hivyohivyo.

Alhamisi iliyofuata nililivusha lile gari mnyororo mwenyewe, mchana mweupe, Lonnie akinishikia. Likazima mara mbili mbele ya watu wote. Mtu mmoja akauliza ni nani aliyenifundisha kuendesha, nikamwambia ni fundi cherehani. Wakacheka sana. Nikakunjua kiti changu, nikakaa nyuma ya gari langu, sikufanya kitu.